Mkojo Safi, Kichwa Bado

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu wakati maji ya bukari yako motoni, tusikilizane vizuri.

Mambo haya mnayajua wote. Mtu ameshikwa na ulevi, anasimamishwa kazi juma moja au mawili. Anarudi macho meupe, mikono haitetemeki, mkojo wake umepimwa na hauna kitu. Wenzake wanapiga makofi: "Amepona!" Anarudishwa kwenye mashine ileile, zamu ileile, pamoja na marafiki walewale. Mwezi wa pili au wa tatu anaanguka tena. Na hapo kila mtu anasema: "Tulijua. Huyu ni mtu wa bure."

Mimi nasema maneno yote mawili si kweli. Siku ile ya makofi alikuwa hajapona. Na hakuanguka kwa sababu ni mtu wa bure. Alianguka kwa sababu tulihesabu siku za damu na mkojo wake, tukasahau kuhesabu siku za ubongo wake.

Ili kueleza jambo hili nitatumia kokeini. Mtu wa Likasi ataniuliza: kokeini ya nini? Hapa kwetu, Kikula, Panda na Shituru, tunajua lutuku, tunajua bangi, tunajua vidonge vya usingizi vinavyouzwa sokoni bila karatasi ya mganga. Ni kweli. Kokeini ni unga wa bei kali, na mtu mwenye watoto sita hawezi kuununua kila juma. Lakini tusidhani kwamba uko mbali. Desemba 2004 polisi wa Kenya walikamata zaidi ya tani 1 ya kokeini Malindi na Nairobi. Na mwaka 2021 tuliona Kinshasa vijana wakivuta kitu kinachoitwa bombe, yaani unga unaotolewa katika bomba la moshi la magari na kuchanganywa na vidonge. Kijana anayeweza kuvuta uchafu wa bomba la gari, nani atamwambia kwamba kokeini si ya watu wa hapa?

Sababu ya pili ndiyo kubwa zaidi. Kati ya dawa zote za kulevya, kokeini ni mojawapo ya zile ambazo wataalamu wameitumia sana kuchungulia ndani ya chembe za ubongo. Walichokiona huko kinamhusu pia mtu wa lutuku na mtu wa bangi.

Kwanza mjue kwamba habari ya kokeini ilianza karibu na wachimbaji wenzetu. Huko Bolivia, Amerika ya Kusini, kuna mlima wa Potosí. Wahispania walianza kuchimba fedha pale mwaka 1545. Watu wa nchi ile walikuwa wakitafuna majani ya mti unaoitwa koka tangu zamani sana. Wakubwa wa dini na wa serikali walibishana: wengine walitaka majani yale yakatazwe. Lakini ilionekana kwamba mchimbaji mwenye koka mdomoni anasahau njaa na anachelewa kuchoka. Basi majani yakaachwa, tena yakatozwa kodi. Mpaka leo wachimbaji wa Potosí wanaingia shimoni na koka shavuni. Fikirini kidogo juu ya hesabu ile: badala ya kuongeza chakula na kupunguza saa za kazi, waliacha jani lifunike njaa na uchovu.

Hata hivyo jani ni jani. Ndani yake kokeini haifiki hata sehemu 1 kwa 100 au inazidi hapo kidogo tu, na inaingia mwilini polepole. Mwaka 1860 Mjerumani Albert Niemann alitangaza namna ya kuitoa kokeini peke yake katika majani. Mwaka 1884 mganga Karl Koller wa Vienna aliitumia kuua maumivu ya jicho wakati wa kupasua, na ilikuwa msaada mkubwa. Mambo yaliharibika pale watu walipoanza kuivuta puani, kuipiga sindano na kuivuta kama moshi. Kwa njia ya moshi inafika kichwani kwa sekunde chache. Na kadiri dawa inavyofika haraka, ndivyo inavyomshika mtu kwa nguvu.

Sasa tuingie ndani ya ubongo. Ubongo una chembe nyingi mno, mabilioni na mabilioni, na hazigusani. Kati ya chembe moja na jirani yake kuna nafasi nyembamba. Chembe ikitaka kusema neno, inamwaga maji yake ya ujumbe katika nafasi ile. Chembe ya pili inayapokea kwa vipokezi vyake. Moja ya ujumbe huo inaitwa dopamini. Watu wengi wanasema dopamini ni furaha. Si hivyo kabisa. Dopamini inaiambia chembe: "Hapa pana faida. Pakumbuke, urudi." Ndiyo inayokufanya uelekee nyumbani unaposikia harufu ya samaki wa kukaanga, kabla hujaonja kitu.

Ujumbe ukishafika, chembe iliyoumwaga inayarudisha maji yale ndani kwa pampu ndogo. Ninyi wa shimoni mnaelewa kazi ya pampu. Maji yanaingia usiku na mchana. Pampu inayatoa, na kazi inaendelea. Pampu ikiziba, maji yanapanda: magotini, kiunoni, kifuani. Kokeini inaziba pampu ya dopamini. Haileti dopamini mpya kutoka nje, inazuia ile iliyopo isirudishwe, na ujumbe ule mmoja unapigwa tena na tena: "Pakumbuke, urudi! Pakumbuke, urudi!" kwa nguvu ambayo chakula, watoto na mshahara havijawahi kuifikia.

Mara moja ni mafuriko ya mara moja. Maji yanashuka, chembe inapumua. Lakini mtu akirudia kesho na kesho kutwa, chembe inaanza kujibadilisha yenyewe, kwa namna mbili zinazopingana.

Ya kwanza ni breki. Chembe imechoka kupigiwa kelele, basi inajikinga. Ujumbe ukizidi, ndani ya chembe kuna protini inayoitwa krebu inayoamshwa, na krebu inaagiza kitu kingine kitengenezwe, dinofini, ambacho kinapunguza umwagaji wa dopamini. Tena vipokezi vya aina moja vinapungua. Mganga Nora Volkow na wenzake huko Marekani walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wametumia kokeini, wakaona upungufu huo ungali upo hata miezi mitatu au minne baada ya kuacha.

Mama, kipande hiki ni chako. Umesema mara nyingi: "Bwana wangu amebadilika. Mtoto anamkimbilia, hacheki. Mazembe inashinda, hasimami. Bukari naweka mezani, anaiangalia kama udongo." Umefikiri kwamba moyo wake umeondoka nyumbani. Mara nyingi moyo haujaondoka. Breki imekanyagwa. Mambo madogo mema ya kila siku yanapiga hodi kwenye chembe, na vipokezi vya kufungua mlango vimepungua. Sikuambii uvumilie kupigwa au kuibiwa pesa ya chakula. Hayo hayana udhuru, nenda kwa wakubwa. Nakuambia tu usimhesabu kuwa amekuchukia kwa sababu hacheki katika mwezi wa kwanza wa kuacha.

Namna ya pili ni kinyume cha breki, na ndiyo inayonitia woga zaidi.

Kila mara ujumbe mkali unapofika, chembe inaita protini fulani kuja kufanya kazi, kama vile kapita anavyoita vibarua asubuhi. Nyingi zinafanya kazi saa chache, kisha zinaharibika na kuondoka. Lakini kuna moja isiyotaka kuondoka zamu ikiisha. Inaitwa deltafosibi. Ni ngumu, haioi upesi. Leo inabaki kidogo. Kesho kidogo kinaongezeka juu ya kile cha leo. Baada ya majuma imejaa. Eric Nestler na wenzake wa Marekani waliichunguza miaka ya 1990 katika panya, na baadaye ilionekana imezidi pia katika ubongo wa watu waliokufa wakiwa watumiaji wa kokeini.

Kazi yake ni gani? Ndani ya kila chembe kuna jeni, ndicho kitabu cha maagizo ya kutengeneza kila kitu. Deltafosibi inakaa juu ya kitabu kile, inafungua kurasa hizi na kufunga zile. Chembe inaota matawi mengi madogo ya kupokea ujumbe. Njia ya kwenda kwenye dawa inapanuliwa, inawekewa lami. Na kokeini yenyewe? Imeondoka zamani! Katika damu nusu yake inakwisha kwa saa moja hivi. Katika mkojo mabaki yake yanaonekana siku mbili mpaka nne, au zaidi kidogo kwa mtu aliyezoea sana. Deltafosibi inabaki majuma mengi, na matawi iliyoyasaidia kuota yanabaki hata yenyewe ikishapungua. Katika panya yalionekana hata baada ya mwezi mzima. Ndiyo maana nikaandika pale juu: mkojo safi, kichwa bado.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei. Tunadhani hamu ni kama moto wa makala: usipoongeza makala, unapungua kila siku. Kwa kokeini si hivyo. Mwaka 2001 wataalamu walitangaza habari ya panya walionyimwa kokeini kisha wakaonyeshwa taa na sauti zilizokuwa zikiandamana na dawa. Katika siku za kwanza waliitafuta kidogo. Baada ya mwezi waliitafuta zaidi. Baada ya miezi miwili, zaidi tena! Ilikuja kujulikana kwamba baada ya kama mwezi mmoja chembe zinaweka vipokezi vya aina mpya vya ujumbe mwingine, glutamati, na vipokezi hivyo vinapokea kwa nguvu kuliko vile vya zamani. Kwa watu waliopimwa umeme wa ubongo, mwitiko wa kuona picha za dawa ulikuwa mkubwa kati ya mwezi wa kwanza na wa sita kuliko siku za mwanzo.

Ndugu, soma fungu hilo mara ya pili. Maana yake ni kwamba mtu wako anaweza kuwa hatarini zaidi mwezi wa pili kuliko juma la pili. Na mwezi wa pili ndio wakati sisi sote tumekwisha kusahau. Bibi ameacha kumwangalia, mkubwa wa kazi amefunga karatasi yake, rafiki anamwambia: "Sasa umekuwa mzima, kunywa moja tu."

Kisha inafika siku ya mshahara. Mtaalamu Wolfram Schultz aliwachunguza nyani waliopewa maji ya matunda baada ya taa kuwaka. Mwanzoni chembe za dopamini zililia pale maji yalipofika mdomoni. Baada ya mazoezi zililia pale taa ilipowaka, kabla ya tone moja kushuka. Kwa mtu wa Likasi, taa hiyo ni nini? Ni noti mkononi. Ni kona ile ya Kikula anakotoka mziki. Ni sauti ya rafiki fulani. Ubongo wake unaanza kulia kabla yeye mwenyewe hajaamua kitu, na akisema "nilijikuta niko pale", hasemi uongo wote.

Wengine watasema: huyu mwandishi anawatetea walevi. Hapana. Mtu mwenye kichwa hiki asiguse mashine ya kuinua, asiendeshe gari la mawe, asikaribie mabeseni ya asidi peke yake. Ndiyo kwanza ninataka akae mbali zaidi, si kwa siku kumi bali kwa miezi. Kinachonikasirisha ni desturi ya kufanya mambo mawili mabaya pamoja: kumfukuza kwa haraka anayejitaja, na kumrudisha kwa haraka aliyepimwa mkojo. Anayejua kwamba akisema atafukuzwa, hatasema. Atajificha, atafanya zamu ya usiku akiwa na dawa kichwani, na atakayebanwa mguu ni jirani yake.

Ninaona kuna njia bora. Anayejitaja mwenyewe apewe kazi ya chini, uwanjani au ghalani, mshahara usipungue mno, na kipindi hicho kihesabiwe kwa miezi mitatu mpaka sita. Apimwe mara kwa mara bila kutangaziwa siku. Na kila akionekana safi, apewe kitu: unga, sabuni, tikiti ya mpira. Msicheke. Kwa kokeini hakuna kidonge kilichokubaliwa cha kuitibu mpaka leo. Kwa heroini kipo. Tanzania ilianza kutoa methadoni pale Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Kwa kokeini njia iliyoonyesha matunda kuliko nyingine ni hiyo ya zawadi ndogo kwa kila kipimo safi, pamoja na mazungumzo na mshauri. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini angalieni tuliyosema juu ya chembe: zimejifunza kwamba faida iko mahali pamoja tu. Zawadi ya leo, inayoshikika mkononi, inazifundisha mahali pengine. Hotuba haizifundishi kitu.

Nyumbani pia kuna kazi. Mwanamume aliyeacha, na ambaye anakubali mwenyewe, mshahara wake uchukuliwe na bibi au na kaka mkubwa katika miezi ya kwanza, na siku ile asiachwe peke yake saa za jioni. Atembee njia nyingine. Si aibu. Mtu aliyevunjika mguu hatumwambii apande ngazi ili tuone kama ana moyo.

Niongeze maneno mawili ya viwandani. Kokeini inafunika uchovu, haiuondoi. Ikiisha, mwili unaanguka katika usingizi mzito mahali popote ulipo, hata juu ya kiti cha mashine. Tena inabana mishipa ya moyo na kuufanya mwili ushindwe kutoa joto. Uchunguzi uliofanywa New York miaka ya 1990 ulionyesha kwamba vifo vya kokeini viliongezeka siku ambazo joto lilipita digrii 31. Mbele ya tanuru digrii 31 ni baridi! Na mwenye kuichanganya na pombe anatengeneza katika ini lake sumu ya tatu, kokaetilini, inayoutesa moyo zaidi ya kokeini peke yake. Kijana wa miaka 25 anaweza kufa kwa moyo, mkewe akabaki anatafuta mchawi.

Je, wa lutuku wametoka salama katika habari hii? Hawakutoka. Deltafosibi imeonekana ikiongezeka katika panya waliopewa pombe, na waliopewa bangi, na waliopewa mofini pia. Mlango ni mwingine. Pombe haizibi pampu kama kokeini, lakini chumba wanachoingia ni kimoja, na kibarua asiyetaka kwenda nyumbani ni yuleyule. Kwa hiyo miezi ile niliyoitaja, na zamu ya chini, na mshahara mkononi mwa mama, vinamfaa na mtu wa lutuku.

Ila kwa lutuku kuna tofauti moja ambayo ni lazima muijue kabla ya kufunga ukurasa. Mtu aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu asikate ghafla peke yake nyumbani. Aliyeacha kokeini analala, anahuzunika, ana hasira. Mwangalie sana asijidhuru. Lakini aliyekata pombe ghafla, katika siku mbili tatu za kwanza, anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona wadudu ukutani wasiokuwapo, kushikwa na kifafa, na kufa. Ukiona mojawapo ya mambo hayo, usimfunge kamba, usimwite mwombezi kwanza, usimngojee asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huohuo, na umwambie mganga wazi: alikuwa anakunywa kiasi gani, na tone la mwisho alilinywa saa ngapi.